Pemberton: Mbunifu wa Coca-Cola aliyefungwa na dawa ya maumivu

Hakuna mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo asiyeijua Coca-Cola. Kreti zake hazikosekani kwenye vibanda vya mpakani, na chupa yake hutambulika hata kwa asiyejua kusoma. Wanaomjua aliyeibuni ni wachache. Aliitwa John Stith Pemberton, mfamasia wa Marekani, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mtumwa wa mofini, dawa aliyoanza kuitumia kwa sababu halali kabisa: alikuwa ameumia.

Kinywaji kilicholeta utajiri mkubwa duniani kilizaliwa katika juhudi zake za kujinasua na dawa hiyo. Hakujinasua. Alipofariki mwaka 1888, haki za kinywaji zilikuwa zikipita mikononi mwa watu wengine kwa bei ya kutupa.

Habari zake zinawagusa watu wa biashara kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwenzao: alifungua maduka, akakopa, akafilisika, akaanza upya. Pili, dawa iliyomfunga haijatoweka. Mofini, kodeini, tramadoli na pethidini ni za jamii moja, na leo hutolewa hospitalini kwa waliofanyiwa upasuaji, waliovunjika mifupa na wagonjwa wa saratani. Zikitumiwa kwa kipimo, ni neema. Zikitumiwa bila kipimo, zinakula mtu pamoja na mtaji wake.

Kijana wa mitishamba

Pemberton alizaliwa Julai 8, 1831, katika kijiji cha Knoxville, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikulia mji wa Rome katika jimbo hilohilo, kisha akasomea tiba mjini Macon, kwenye chuo kilichofundisha zaidi matumizi ya mimea. Mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 19, alipata leseni yake.

Alipenda dawa kuliko wagonjwa. Kazi iliyomvutia ilikuwa ya kuchanganya, kuchemsha, kuonja na kupima. Alihamia Columbus, akafungua biashara ya dawa na manukato, na mwaka 1853 akamwoa Ann Eliza Clifford Lewis, ambaye ndugu na jamaa walimwita Cliff. Mwaka uliofuata walimpata Charles, mtoto wao wa pekee.

Columbus uko ukingoni mwa mto Chattahoochee, unaotenganisha majimbo ya Georgia na Alabama. Ulikuwa mji wa mpakani. Pamba na bidhaa nyingine zilivuka madaraja yake, na mwenye duka zuri hakukosa wateja. Kijana Pemberton alikuwa na kila dalili ya kufanikiwa.

Jeraha la darajani

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kulinda utumwa, na Pemberton akapigana upande huo, akafikia cheo cha luteni kanali katika kikosi cha farasi cha kulinda jimbo lake.

Usiku wa Aprili 16, 1865, majeshi ya Kaskazini yalishambulia Columbus kutoka upande wa Alabama. Mapigano makali yalikuwa kwenye madaraja ya mto. Pemberton alijeruhiwa, na upanga ukamwachia mkato mrefu kifuani. Wakati huo jenerali mkuu wa Kusini, Robert E. Lee, alikuwa amekwisha kusalimu amri wiki moja kabla. Jeraha lililobadili maisha ya Pemberton alilipata katika vita ambavyo kwa hakika vilikuwa vimekwisha.

Alipewa mofini. Kwa maumivu ya namna ile, haikuwa dawa ya makosa. Mofini ilikuwa imetolewa ndani ya afyuni mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, na kufikia miaka ya 1820 ilikuwa ikitengenezwa kwa biashara. Sindano ya kudungia dawa chini ya ngozi ilipopatikana katika miaka ya 1850, nguvu yake iliongezeka mara dufu. Vita vya Marekani viliwaacha askari wengi na vilema, na wengi kati yao wakaendelea na dawa baada ya kidonda kufunga.

Hapo ndipo penye tatizo. Dawa za jamii hii haziponyi kidonda. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikizima taarifa za maumivu zisimfikie mtu. Zinatuliza pia wasiwasi na kuleta raha. Lakini mwili huzizoea. Kipimo kilichotosha wiki ya kwanza hakitoshi baadaye, na dawa inapokatika ghafla mwili hulipiza: jasho, kupiga miayo, makamasi, tumbo la kuharisha, kukosa usingizi, maumivu ya viungo kama mtu aliyepigwa. Hiyo ndiyo hali ambayo mitaani huitwa arosto. Mgonjwa hudhani maumivu ya zamani yamerudi, kumbe ni dawa inayojidai yenyewe. Anaongeza nyingine.

Kidonda cha Pemberton kilipona. Mofini ikabaki. Hakukuwa na aliyempangia siku ya kuanza na siku ya kuacha, wala aliyeandika amekunywa kiasi gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa, mwuzaji na mwenye ghala.

Leo mpango huo ndio unaomlinda mgonjwa. Baada ya upasuaji mdogo au jino kung'olewa, mara nyingi dawa hizi hazihitajiki kabisa, na zikihitajika ni kwa siku chache. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari mambo manne kabla ya kuondoka: dawa hii ni ya jamii ya mofini au la, anywe kiasi gani na kila baada ya saa ngapi, aache lini, na aache kwa namna gani. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa haachi kwa siku moja. Daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Mtihani aliousimamia mwenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Pemberton aliiacha Columbus na kuhamia Atlanta, mji uliokuwa ukijengwa upya baada ya kuchomwa vitani. Reli zilikutana hapo na fedha ilizunguka. Alianzisha maabara na biashara ya dawa, akafilisika mwanzoni mwa miaka ya 1870, akainuka tena. Alitengeneza dawa za kikohozi, za damu na za ini, akizitangaza magazetini kama walivyofanya wenzake wa zama zile.

Aliheshimiwa. Jimbo la Georgia lilipounda bodi ya kwanza ya kuwapima na kuwapa leseni wafamasia, Pemberton alikuwa miongoni mwa wajumbe wake kwa miaka sita. Mtu aliyekuwa akiamua nani anastahili kushika dawa za watu alikuwa haziwezi dawa zake mwenyewe.

Hili linavunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba uraibu ni wa wahuni na wajinga. Pemberton alikuwa msomi wa dawa, mume, baba na mtu wa shughuli. Aliijua mofini kuliko wateja wake wote. Ujuzi haukumkinga, kwa sababu mwili hauulizi cheti cha shule. Dereva wa lori anayesumbuliwa na mgongo, mama anayebeba mafurushi ya vitenge, kijana anayepakia mifuko ya mahindi usiku kucha, wote wanaweza kuingia kwa mlango uleule alioingilia yeye: maumivu ya kweli, nafuu ya kweli, kisha kuzoea.

Dalili zake huanza polepole. Mtu huhesabu vidonge kabla ya kuhesabu mauzo. Humaliza dozi ya wiki kwa siku tatu. Huenda duka la pili wakati la kwanza limemkatalia. Huficha. Huvinywa siku ambayo haumwi popote, kwa kuwa tu bila hivyo hajisikii mtu.

Divai ya koka

Pemberton alitaka kuacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisifia koka, jani la Amerika Kusini ambamo hutolewa kokeini. Iliaminika kwamba koka humtoa mtu kwenye mofini. Mjini Vienna, daktari kijana Sigmund Freud aliiandikia sifa mwaka 1884, na akampa kokeini rafiki yake aliyekuwa akitumia mofini kwa maumivu ya mkono. Rafiki huyo, Ernst von Fleischl-Marxow, hakuacha mofini. Aliongeza uraibu wa pili, akafa mwaka 1891.

Pemberton alifuata imani ileile. Mwaka 1885 alitoa kinywaji alichokiita French Wine Coca: divai, dondoo ya majani ya koka na kola, tunda ambalo Afrika Magharibi hutafunwa kupunguza uchovu. Alikiiga kinywaji maarufu cha Ufaransa cha Vin Mariani. Alikitangaza kwa watu wenye mishipa iliyochoka, kwa wasomi wenye vichwa vizito, na kwa wale waliofungwa na mofini. Aliuza tumaini ambalo yeye mwenyewe alilihitaji kuliko mteja yeyote.

Kwa sayansi ya leo, mchanganyiko huo ulikuwa hatari. Kokeini haitibu uraibu wa mofini. Na pombe haikai nyumba moja na dawa hizi. Mofini na jamaa zake hupunguza kasi ya kupumua. Pombe hufanya hivyohivyo. Vidonge vya usingizi na vya wasiwasi kama diazepamu navyo vivyo hivyo. Vikikutana, mtu hulala na pumzi hupungua mpaka inakoma. Vifo vingi vya dawa hizi hutokea kwa namna hiyo, kimya kimya, wenzake wakidhani amechoka na safari. Mtu asiyeamka anapotikiswa, anayekoroma kwa sauti ya ajabu, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, asiachwe alale. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe ukweli wa alichokunywa, maana ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, naloksoni, na hufanya kazi ikiwahi.

Tramadoli ina hatari yake ya ziada: kwa kipimo kikubwa inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Nayo, kama ndugu zake, huleta usingizi. Anayeinywa ili ashinde usukani mpaka asubuhi anawaweka hatarini wote walio barabarani. Kodeini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, haifai kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Senti tano kwa glasi

Novemba 1885 wapiga kura wa Atlanta walipitisha marufuku ya pombe, ianze katikati ya mwaka uliofuata. Divai ya Pemberton ilikuwa inakwenda kukosa soko. Akarudi maabara. Aliondoa divai, akatia sukari, asidi ya matunda na mafuta ya kunukia, akaacha koka na kola. Mei 8, 1886, shira hiyo iliyochanganywa na maji ya soda iliuzwa kwa mara ya kwanza katika duka la dawa la Jacobs, senti tano kwa glasi.

Jina Coca-Cola lilitolewa na mshirika wake, Frank Robinson, ambaye ndiye pia aliyeliandika kwa mwandiko unaoonekana mpaka leo. Mwaka wa kwanza soko lilikuwa dogo: wastani wa glasi tisa kwa siku. Biashara ilihitaji muda, fedha za matangazo na mtu mwenye afya wa kuisimamia.

Pemberton hakuwa na hata kimoja. Tumbo lilikuwa likimuuma, alishinda kitandani, madeni yalikuwa yakimkaba, na mofini ilikuwa ni gharama isiyosubiri. Mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya glasi ya kwanza, aliuza theluthi mbili ya haki zake. Vipande vya haki vikaanza kuzunguka kutoka mkono hadi mkono, baadhi ya washirika wakijikuta wametupwa nje. Aliyevikusanya vyote ni mfanyabiashara wa dawa wa Atlanta, Asa Candler. Kufikia mwaka 1891 alikuwa mmiliki pekee, kwa jumla ya dola 2,300.

Mfanyabiashara yeyote anaijua hali hiyo. Mwenye shida ya leo hauzi kwa thamani ya kesho. Akili iliyobuni kinywaji ilikuwa ikiona mbali, lakini mwili uliokuwa ukidai dawa ulitaka fedha jioni ileile. Mtaji wa mraibu huondoka hivyo: kwanza faida, kisha bidhaa, kisha kibanda chenyewe.

Haki na mipaka

Zama za Pemberton mofini iliuzwa dukani kama sukari. Sheria ya Marekani ya kulazimisha chupa ziandikwe kilichomo ilikuja mwaka 1906, na ya kudhibiti afyuni na koka mwaka 1914. Katikati, mwaka 1898, kampuni ya Bayer ilileta heroini ikiisifu kuwa dawa ya kikohozi. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin. Mwaka 2007 na tena mwaka 2020 ilikiri makosa ya jinai kuhusu namna ilivyoiuza. Kila kizazi huambiwa kwamba dawa mpya ya jamii hii haifungi mtu.

Kwa anayesafiri na dawa yake halali, utaratibu ni mwepesi: ibaki kwenye pakiti yake yenye jina, iambatane na cheti cha daktari, na isizidi kiasi cha matumizi yake. Asikubali kumbebea mtu kifurushi cha vidonge asivyovijua, hata kama ni jirani. Wanaofuata bidhaa Dubai wakumbuke kwamba tramadoli na kodeini ni dawa zinazodhibitiwa huko, na kuingia nazo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu jela. Vidonge vinavyouzwa kwa rejareja bila pakiti stendi au sokoni havina dhamana: mnunuzi hajui kilichomo wala kipimo chake.

Udhibiti huo haumaanishi kumnyima anayeumia. Uganda imeonyesha njia. Tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda imewahudumia wagonjwa mahututi kwa mofini ya maji, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo haitwi mteja wa madawa ya kulevya. Ni mgonjwa anayetibiwa.

Na aliyekwisha kufungwa anayo njia ambayo Pemberton hakuwa nayo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kila siku, mbele ya mhudumu. Kenya na Uganda nazo zimefungua kliniki za namna hiyo. Tofauti na divai ya koka, methadoni imepimwa, ina kipimo, na anayeinywa hayuko peke yake. Aliyekaa muda bila kutumia asirudie kipimo cha zamani. Mwili umekwisha kukisahau, na wengi hufa hapo.

Nyumba iliyobaki

John Pemberton alifariki Atlanta Agosti 16, 1888, akiwa na umri wa miaka 57, kwa saratani ya tumbo. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa na maumivu ambayo mofini hasa ndiyo dawa yake, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kuizoea kwa zaidi ya miaka 20. Wenye maduka ya dawa mjini walifunga kwa heshima yake. Alizikwa Columbus, mji aliojeruhiwa.

Alitamani mwanawe arithi kinywaji kile. Charles naye alikuwa amenaswa na afyuni. Mwaka 1894, miaka sita baada ya baba yake, alikutwa amepoteza fahamu na afyuni kando yake. Baada ya siku chache akafa. Nyumba yenye dawa hizi huwa hivyo zisipofungiwa: mmoja huumia, mwingine huonja. Vidonge vilivyosalia baada ya matibabu hurudishwa famasi au hospitali, havihifadhiwi kwa ajili ya siku nyingine.

Cliff aliishi mpaka mwaka 1909, mjane aliyefiwa na mtoto wake wa pekee, akafa maskini. Mwaka 1919 kampuni ya Coca-Cola iliuzwa kwa dola milioni 25. Jina la Pemberton halikuwamo miongoni mwa waliolipwa.